Tumbo Langu, Shamba Lao

Mara ya mwisho mliniacha kwenye machela, nateremshwa mlimani, huku wanaume walionibeba wakigombana nani ameshika upande mzito. Sikufa. Ningekufa, leo mngekuwa mnasoma matangazo ya viwanja kwenye ukurasa huu wa gazeti.

Mtoto wangu wa nne alitolewa kwa kisu, kama wawili waliomtangulia. Wa kiume tena.

Asubuhi daktari alikuja akasimama miguuni pa kitanda changu.

"Semeni, kizazi chako kimechoka. Ni mshono juu ya mshono. Mimba nyingine inaweza kukipasua, na huko kwenu mlimani hatutakuwahi. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Jana tungeweza kukufunga palepale mezani, tumbo likiwa wazi. Nesi alikuuliza kabla hujalazwa usingizi, wewe ukanyamaza. Akajibu mjomba wako."

Nikanyamaza tena. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naijua vizuri kuliko zote.

Mjomba wangu anaitwa Mwinjuma. Kwetu Uluguru ardhi inapita kwa wanawake. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mume ni mtu aliyekuja na begi. Mama yangu aliacha binti mmoja tu, ambaye ni mimi. Na mimi nimezaa wavulana wanne.

Mahali pengine wangenichinjia mbuzi. Mjomba Mwinjuma ananitazama kama mkarafuu uliogoma kuchanua. Wanangu wakikua watakwenda kulima kwa wake zao. Nikiondoka mimi, mashamba yetu yote yanakwenda kwa ndugu zetu wa bondeni, ambao Mjomba hata salamu yao haitikii.

Kwa hiyo anataka binti. Mimi kubaki hai, kwake hiyo ni nyongeza.

Mume wangu ni Halidi, mtu wa Singida. Alikuja kukata miwa kule mashambani chini, siku moja akapanda mlimani kununua ndizi, akaniona, ndizi akazisahau. Kwao mtoto wa kiume ni shangwe. Wavulana wote wanne aliwapokea kama mtu anayepokea vikombe vya mpira. Mimi sikuwa na shida na wavulana. Shida yangu ilikuwa kufa.

Nilipopona nikaanza kwenda kituo cha afya kutafuta njia ya kuzuia mimba. Jumanne ndiyo siku yake. Benchi linajaa wanawake, na kila mwanamke ni daktari.

"Vidonge havina shida," alisema mama mmoja mwenye kanga ya njano. "Ni kukumbuka tu kumeza kila siku."

"Wewe ulikumbuka?"

"Ninaye hapa mgongoni, muulizeni."

Benchi likacheka. Mwingine akaingia. "Sindano ndiyo mpango. Unachomwa, unakaa miezi mitatu, mume hana habari. Ila siku zako zinaweza kupotea."

"Mimi kijiti," akasema wa tatu, akinyoosha mkono. "Wanakiweka hapa chini ya ngozi, unasahau miaka. Mume wangu alikipapasa akauliza hiki nini. Nikamwambia mfupa. Mtu ana cheti cha kidato cha nne, na akaamini."

"Kitanzi mbona hamkisemi?"

"Kitanzi kinapanda mpaka kwenye moyo."

"Kinapandia ngazi gani, mama?"

Aliyeuliza ni Raya. Huyu mshikeni vizuri, maana bila yeye nisingekuwa na hadithi. Raya ni wa ukoo ambao ni watani wa ukoo wetu tangu mababu, na mdomo wake haujawahi kufungwa na mtu.

"Mimi ninacho mwaka wa tatu," aliendelea. "Kimekaa kule ndani kama mpangaji asiyetaka kuhama. Sikumbuki kitu, sichomwi kitu. Moyo wangu uko palepale, unawachukia walewale."

Bibi mmoja aliyemsindikiza mjukuu wake akakohoa. "Sisi tulipokuwa wali wa unyago tulifundishwa kuvaa kijipande cha mti kiunoni, na uzi mweusi. Hakuna nesi wala sindano."

"Na ulizaa wangapi, bibi?"

"Kumi na mmoja. Lakini uzi ulikuwa unakatika."

Mimi nikajifunga kanga upya. Ningesema nini? Vidonge nilivijaribu, nikatapika kama mwenye mimba. Nikachomwa sindano, damu ikaja ikakataa kuondoka wiki baada ya wiki. Nikawekewa kijiti, kichwa kikaniuma mpaka nikaomba kitolewe. Wenzangu kwenye benchi vinawafaa, wamenenepa, wanacheka. Mwili wangu ndio unaochagua.

Kikabaki kitanzi. Siku niliyokwenda kuwekewa, mtoa huduma alikuwa mwanaume. Nikabana mapaja nikarudi nyumbani. Nichekeni. Nimepasuliwa mara tatu mbele ya wanaume waliovaa barakoa, lakini siku zile nilikuwa usingizini.

Nesi Winfrida akaniita ndani.

"Semeni, umezimaliza njia zangu. Kwa nini usifunge?"

"Mjomba hataki."

"Mjomba wako ana kizazi?"

Nikatazama sakafu.

"Haya, tuache. Lakini na kukufunga wewe sasa ni kurudi kwenye tumbo lililoshonwa mpaka limechoka. Mumeo je? Kwa mwanaume ni kazi ndogo, anamaliza anarudi nyumbani kwa miguu yake. Hakatwi kitu cha kuonekana. Tunafunga mirija inayopitisha mbegu, basi. Nguvu zake zinabaki vilevile. Madaktari wanakuja mwezi huu, mlete."

Nilimwambia Halidi tukipukuchua mahindi, macho yangu yakiwa kwenye gunzi.

"Nihasiwe?" Mahindi yakamwagika. "Kama maksai?"

"Nesi kasema hawakati kitu."

"Nesi ni mwanamke, atajuaje kilichokatwa?"

"Daktari kasema nikishika mimba nyingine naweza kufa."

Akaokota punje moja ya mahindi. Nikaona anafikiri, na mimi mjinga moyo ukanilainika. Halafu akauliza:

"Ukifa, mimi nitakaa wapi?"

Hakuuliza ataishije bila mimi. Hakuuliza watoto watalelewa na nani. Atakaa wapi! Nyumba iko kwenye ardhi ya ukoo wangu, shamba ni la ukoo wangu, hata jogoo anayemwamsha ni wa ukoo wangu. Nikifa anarudi Singida na begi lake.

Akaenda. Woga wa kukosa makazi ulimpeleka pale ambapo huruma haikuweza kumpeleka.

Mimi siku hiyo nilibaki na mtoto mdogo nyumbani. Alirudi akitembea kama mtu aliyepanda punda tangu Singida. Akajilaza mkekani akataka supu ya kuku. Mimi nilipopasuliwa tumbo zima nilipewa uji. Yeye ametobolewa kitundu, nikachinja kuku.

"Nesi kasemaje?" nikamuuliza.

"Nipumzike. Nisibebe mizigo."

"Na nini kingine?"

"Basi."

Aliposimama vizuri akaenda kumwamkia Mjomba Mwinjuma. Akarudi anapiga mluzi. Wiki iliyofuata nikamwona analima shamba la mtoni, lile lenye maji na mikarafuu, ambalo Mjomba alikuwa hamruhusu hata kuku kupita. Nikashangaa, nikafurahi. Nikasema Mjomba amemhurumia mgonjwa. Mjomba! Amhurumie mtu!

Baadaye ikaja arobaini ya bibi yetu mmoja wa ukoo. Mnajua arobaini zetu. Wafiwa wanakaa, watani wanatawala. Mtani anaweza kukupaka unga, kukunyang'anya kofia, kumtukana marehemu wako mbele yako, na hukasiriki. Ukikasirika umejiaibisha wewe.

Raya alikuwa ameshika mchi. Asubuhi hiyo tayari alikuwa ametangaza kwamba marehemu alikufa makusudi ili asirudishe sufuria ya jirani, na kwamba Mjomba Mwinjuma analia kwa sababu hajui kupika. Halidi alipopita na kuni, akamzuia njia.

"Wafiwa! Njooni mumwone shemeji yenu!" Akampaka unga kichwani. "Siku aliyofungwa nilikwenda kuangaliwa kitanzi changu, nikamkuta huyu. Nimemsikia kwa masikio yangu. Nesi anamwambia, baba, mbegu nyingine bado ziko njiani, miezi mitatu tumia kondomu, halafu rudi tukupime. Naye anaitikia ndiyo nesi, ndiyo nesi, kama mtoto wa chekechea. Haya, shemeji, mkeo umemwambia?"

Watu wakaanguka kwa kicheko.

"Semeni, kakuambia? Hajakuambia! Kimbia mwanamke, mumeo bado ana akiba!"

Unadhani nilifanya nini? Nilicheka. Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka begani, nikachota maji kwa kata nikammwagia Raya, naye akakimbia akipiga vigelegele. Ndivyo unavyomjibu mtani. Hakuna mtu mwenye akili zake anayekaa kitako kuyapima maneno ya mtani.

Halidi naye alicheka. Mjomba Mwinjuma alicheka kuliko wote, mpaka akashika nguzo. Hapo nilipaswa kujiuliza. Mjomba ninamjua tangu nazaliwa, sijawahi kuyaona meno yake ya nyuma.

Sikujiuliza. Nikaenda kula wali wa arobaini.

Kilichoanza kunikataa ni magimbi. Harufu yake tu, nakimbilia nje. Nikasema ni tumbo. Nikasema ni baridi ya mlimani. Nilipoishiwa cha kusema nikaenda kwa Nesi Winfrida, akachovya kile kipimo, tukasubiri. Mistari miwili.

Nesi hakunipongeza. Alikaa kitini polepole.

"Mumeo alisubiri miezi mitatu?"

"Asubiri nini?"

"Semeni. Mwanaume akifungwa leo, leo hiyohiyo hajawa salama. Kuna mbegu zimebaki juu ya pale tulipofunga. Nilimwambia mwenyewe, watu wanasikia. Atumie kondomu, halafu arudi apimwe. Hakurudi. Nilidhani mmehama."

Nilimwona Raya mbele yangu, na mchi wake, na unga. Nilimsikia akisema neno kwa neno. Na nilijisikia mimi nikicheka.

Niliporudi mlimani habari ilikuwa imeshanitangulia. Benchi la Jumanne halihitaji simu. Kijiweni walikuwa wamemkamata Halidi.

"Maksai amezalisha!"

"Ulifungwa au ulifungiwa? Wewe nje, mwenzio ndani!"

Mwanaume mwenye haya angesema, jamani, kosa ni langu, niliambiwa nisubiri sikusubiri. Halidi akaona heri mimi niwe malaya kuliko yeye kuwa mjinga. Akaja nyumbani amefura.

"Mimba ya nani, Semeni?"

"Yako. Nesi alikuambia usubiri miezi mitatu."

"Nesi hakuniambia kitu! Mimi nimefungwa. Mtu aliyefungwa hazalishi, hata Hatibu anajua."

Hatibu ni mkubwa wetu. Yupo darasa la kwanza. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji, akatutazama kwa zamu.

Mjomba akaitisha kikao, Ijumaa baada ya swala, barazani kwake. Nesi Winfrida aliitwa akakataa. Aliandika kikaratasi kwamba siri za wagonjwa hazisemwi barazani, ila mwanaume ana mdomo, na aseme mwenyewe alichoambiwa. Jibu hilo Mjomba hakulisoma kwa watu. Alilipachika mfukoni mwa kanzu.

Mimi nikakaa mkekani. Nikazikazia macho nyuzi za mkeka.

"Halidi, sema," Mjomba akaanza.

"Mke wangu ana mimba, na mimi nimefungwa. Sina zaidi."

Minong'ono ikapita. Mama mkubwa mmoja akasogeza mguu wake usiguse kanga yangu.

"Semeni?"

Nikaendelea na nyuzi za mkeka.

Raya akasimama. "Mimi nilikuwepo! Nesi alimwambia asubiri, nilisikia, na nilisema kwenye arobaini mbele yenu wote!"

Baraza likaangua kicheko.

"Sitanii! Leo sitanii, wazee wangu!"

Wakacheka zaidi. Mzee mmoja akapangusa macho. "Huyu mtani tutamlipa kuku."

"Wallahi nasema kweli! Huyu mwanamke atakufa!"

"Tazama anavyotoa na machozi! Ah, watani wa siku hizi wanajua kazi."

Raya alikuwa analia kweli. Kadiri alivyolia ndivyo walivyoshika mbavu. Sijawahi kuona kitu cha kuchukiza kama kile. Kisha nikakumbuka kwamba kicheko kile nakijua, nami nilikicheka, tena na maji nikamwaga.

Mjomba akainua mkono, kikao kikatulia.

"Mimba ni mimba," akasema. "Iwe ya Halidi, iwe ya dereva wa bodaboda, mtoto ni wa ukoo wetu. Baba hayumo kwenye hesabu zetu. Semeni atazaa, na Mungu akipenda atazaa binti. Yamekwisha."

Halidi akapumua. Alikuwa ameshinda. Mkewe amechafuka, yeye msafi, na supu ya kuku ameshakunywa.

"Ila wewe, Halidi," Mjomba akaendelea, sauti imelainika kama mafuta ya nazi, "umesema mbele ya watu kwamba mtoto si wako. Mimi ni nani nikubishie? Lile shamba la mtoni nilikupa kwa ajili ya huyo mtoto. Kama si wako, shamba linarudi. Kesho ng'oa magimbi yako."

Ningetoa chochote mngeuona uso wa Halidi. Akainuka.

"Mjomba! Si ulisema ni langu mpaka nizeeke?"

"Nilisema kwa baba wa mtoto."

"Si wewe uliyeniambia nisimwambie! Nimekuja kwako na maneno yote ya nesi, ya miezi mitatu, ya kondomu. Ukaniambia nyamaza, hii ndiyo nafasi ya mwisho ya kupata binti, ukimwambia Semeni atakunyima. Ukanipa shamba! Leo unaninyang'anya shamba na mke umeshaniharibia!"

Hakuna aliyecheka.

Yule mzee wa kuku akamtazama Raya, kisha akatazama miguu yake. Yule mama mkubwa akarudisha mguu wake mahali pake.

Halidi ndipo akajua amesema nini. Akanigeukia mimi. Eti mimi! Kama mbwa aliyemwaga maziwa anavyomtafuta bibi mwenye nyumba.

"Mama Hatibu..."

Nilikuwa nimeshasimama. Sijui nilisimama saa ngapi. Sauti iliyotoka ilikuwa ndogo, lakini baraza lilikuwa kimya kiasi kwamba hata ndogo ilitosha.

"Mjomba, daktari alikuambia nini wodini?"

"Madaktari wanasema mengi. Wanawake wa ukoo huu wamezaa tangu hakuna madaktari. Mama yako alizaa humuhumu nyumbani."

"Mama yangu alikufa akizaa."

"Alikuwa binti!" Mjomba alipiga goti lake kwa ngumi. "Yule mtoto aliyekufa naye alikuwa binti! Nimemzika kwa mikono yangu! Leo angekuwa na watoto wake, mashamba yasingekuwa na wasiwasi!"

Kumbe alikuwa na kilio chake, miaka yote hiyo. Nikadhani nitamwonea huruma. Nikasubiri huruma ije. Alikuwa ametaja binti, ametaja watoto wa binti, ametaja mashamba. Dada yake aliyelala kaburi hilohilo hakumtaja.

Nikamfunga mdogo mgongoni, nikateremka na Raya.

Nesi Winfrida akaniandikia rufaa ya hospitali kubwa mjini. Dada yake Raya ana chumba mtaa wa Mji Mpya, akanipisha nusu ya kitanda. Wavulana wakubwa walibaki na Halidi. Kwa mara ya kwanza alipika, na Hatibu alinipigia kwa simu ya jirani kuniarifu kwamba ugali wa baba una maji katikati.

Tumbo lilipoanza kuisukuma kanga nikaenda kupigwa picha ya ultrasaundi. Daktari safari hii alikuwa mwanamke, mfupi, hana maneno mengi. Alipitisha kile chombo juu ya makovu yangu polepole, akarudia mahali pamoja.

"Mshono ni mwembamba sana hapa," akasema. "Hurudi mlimani tena. Unakaa mjini, tutakulaza usingizi na kumtoa mtoto mapema, kabla uchungu haujaanza. Sitakudanganya, Semeni. Damu inaweza kuwa nyingi. Watafutwe watu wa kujitolea damu."

"Ndiyo."

"Na siku hiyohiyo, tumbo likiwa wazi, nikufunge?"

Nikatazama sakafu. Ilikuwa ya vigae, vyeupe. Nikainua uso.

"Nifunge."

"Hata kama ni mvulana?"

"Hata kama ni paka."

Akacheka kidogo. Akanipa kalamu. Shule niliiacha darasa la nne, lakini jina langu najua kuliandika, na siku hiyo nililiandika kubwa.

Nje sauti zilikuwa zimeanza. Walikuwa wamekuja wote wawili, Mjomba na kanzu yake ya Ijumaa, Halidi na shati nililomfulia mimi. Sikuwaita. Harufu ya habari iliwaleta. Nikamsikia nesi wa mapokezi akiwauliza:

"Nyie ndio ndugu? Mgonjwa anahitaji damu. Nani anatoa?"

"Mimi umri umekwenda," akasema Mjomba, mtu anayepanda mlima bila fimbo.

"Mimi bado mgonjwa wa upasuaji," akasema Halidi.

"Upasuaji gani?"

Halafu sauti ya Raya: "Sogeeni, wanaume. Nitoeni mimi. Ukoo wao ukipata damu ya watani labda utapata na akili."

Daktari akarudisha kile chombo tumboni kwangu.

"Unataka kujua ni wa kike au wa kiume?"

Mlango ukasukumwa. Mjomba akaingiza kichwa. "Tunataka! Daktari, sema, ni binti?"

"Baba, nje."

"Mimi ndiye mkubwa wa ukoo!"

"Na mimi ndiye mkubwa wa chumba hiki. Nje."

Mlango ukafungwa. Daktari akanigeuzia kioo mimi peke yangu. Akanionyesha kwa kidole, hapa kichwa, hapa mguu, na hapa. Nikaona. Nikauliza mara mbili kama ana uhakika. Akasema ana uhakika.

Nikajifuta mafuta tumboni, nikafunga kanga, nikatoka.

Walisimama wote wawili kama watu wanaosubiri basi la mwisho. Halidi alikuwa anapiga hesabu, niliziona usoni mwake. Akiwa binti, shamba huenda likarudi. Mjomba alikuwa ameshika nguzo kama siku ile ya arobaini, ila leo meno hayakuonekana. Midomo ilikuwa inamcheza.

"Semeni, mwanangu." Tangu mama afe hajawahi kuniita hivyo. "Ni nini?"

"Mama Hatibu, tuambie," akadakia Halidi. "Mimi ni baba yake."

Raya alikuwa amekaa kwenye benchi, pamba imebanwa kwenye kiwiko, ananitazama. Hakutania.

Niliwatazama vizuri, mmoja baada ya mwingine, usoni. Nilikuwa sijawahi. Kumbe Mjomba ana macho madogo, na Halidi ana kovu kidevuni ambalo sikuwahi kuliona.

"Nitawaambia," nikasema, "nikiamka."